Milima Imekutana

Jina langu Arvella Stidham, wa Bonde la Cutbriar,
nyumba ya mwisho kabla lami haijakatika.
Mmenipa dakika tatu na saa ya mezani inayolia.
Basi sitaanza na Mungu, wala na Katiba.
Nitaanza na kabati la vyombo.

Kila saa kumi jioni king'ora hulia mara tatu,
nami huacha sufuria nikaushike mlango wa kabati
kwa viganja viwili, kama mtu anayemzuia mlevi asiingie.
Kisha mlima hukohoa.
Sahani za mama zilikuwa ishirini na nne.
Zimebaki tisa.

Husemwa milima haikutani.
Njooni kwetu muone ilivyokutana:
kichwa cha Mlima Sorrel kimekatwa kikamwagwa
juu ya miguu ya Mlima Tansy,
na kijito kilichopita kati yao,
nilikobatiziwa Machi, meno yakigongana,
kimelala chini ya kifusi cha mita sitini.
Ramani yenu inakiita eneo la kujazia.

Msinione adui wa makaa. Makaa yalinilisha.
Mume wangu Delmas alishuka chini miaka ishirini na minane
akatoka na kifua kinacholia kama bawaba kavu.
Miaka sita alilala ameketi.
Lakini yeye aliuingia mlima kama sindano.
Ninyi mmeuchuna.

Na hawa vijana wa mabango, siwajui wote.
Walikuja na mahema, mvua ikawafukuza hadi barazani kwangu.
Niliwapikia maharage na mkate wa mahindi.
Mmoja hagusi nyama, nami kwa mazoea nikatia mafuta ya nguruwe;
alijua, akala, akaomba tena.
Huyo ndiye mnayemwita mchochezi kutoka nje.

Sasa makaburi.
Karatasi yenu, ukurasa wa arobaini na moja, inasema kumi na moja.
Mimi nahesabu kumi na matatu.
Mawili hayana maandishi, ni mawe ya kijitoni yaliyosimamishwa,
ya mapacha aliowazaa bibi yangu
wakaishi Jumanne hadi Alhamisi.
Majina walikuwa nayo. Fedha ya mchonga mawe haikuwapo.

Nilipotaka kwenda kupalilia, mlinzi wenu alinivisha kofia ya plastiki,
akaniandika kitabuni: mgeni.
Mgeni!
Akasimama pale pale, buti moja juu ya Alhamisi,
akasema, mama, mimi naona mawe tu.
Nikamjibu, nawe utaonekana hivyo, mwanangu, subiri.

Kuna mtu aliyenigongea mlango Jumapili usiku.
Sitamtaja. Analipia lori, ana mtoto wa miezi minne,
na jirani zake hawanisalimu tena kanisani.
Hakutaka kuketi. Alishika kofia yake kama sahani ya moto.
Alisema, nimeyaona hayo mawe mawili, Mama Arvella.
Nimeyazunguka na buldoza mara ya kwanza, na mara ya pili.
Wiki ijayo zamu si yangu.
Nikamuuliza, unataka nifanye nini?
Akasema hajui.
Akanywa maji ya chupa niliyonunua dukani, maana ya kisima
yana rangi ya chai na hayachemki yakaisha harufu,
akaondoka bila kuwasha taa za gari
mpaka alipovuka daraja.

Naiona saa yenu. Imebaki nyembamba.
Sikuja kuomba mlima urudi; si mjinga, nimekaa nao.
Nataka mtu mwenye kalamu apande nami,
ahesabu kwa kidole, kwa sauti,
na akifika kumi na moja asinyamaze.

Hiyo imelia. Nimeisikia.
Nyuma kule kuna kiti kimesogezwa.
Msigeuke haraka, mtamtisha.
Mpeni naye dakika zake tatu.